Paka anatweta mdomo wazi: nimpe panadol?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina paka dume mweupe, chotara wa Kiajemi. Tunaishi Tanga, chumba cha bati kisicho na dari. Tangu msimu wa kaskazi uanze, mchana anajilaza sakafuni na kutweta mdomo wazi kama mbwa. Jirani anasema ni homa, nimpe nusu kidonge cha panadol na nimnyoe manyoya yote. Nifanye hivyo?

JIBU: Marahaba. Nianze na kidonge, maana kinaweza kumuua kabla ya joto: usimpe, hata robo. Ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya kinachoondoa sumu ya parasetamoli, yaani dawa iliyomo kwenye panadol, hivyo dawa huharibu chembe nyekundu za damu hadi zishindwe kubeba oksijeni. Fizi hugeuka kijivu au kahawia, uso na nyayo huvimba, pumzi huwa ya shida. Nusu ya kidonge cha miligramu 500 inatosha kumuua paka wa kilo nne. Ikiwa jirani ameshampa kisirisiri (huruma ya namna hiyo ipo), kimbia kliniki sasa hivi bila kungoja dalili.

Hata ingekuwa salama, isingefaa kitu. Mwenye homa, ubongo wake ndio umepandisha joto, na dawa huurudisha chini. Paka wako amezidiwa na joto la nje. Paka hutoka jasho nyayoni tu. Kinachompoza hasa ni kujilamba, mate yakauke juu ya manyoya. Kwa hewa ya Tanga yenye unyevu mwingi, hayakauki upesi. Mbwa kutweta ni kawaida yake, lakini paka huachama pale njia nyingine zinapomshinda, na mwenye pua fupi ya Kiajemi hushindwa mapema zaidi.

Kwa hiyo akianza kutweta, mtoe humo, mpeleke penye kivuli. Mloweshe kwa maji ya kawaida ya bomba tumboni, kwapani, kwenye kinena na nyayoni, kisha muwekee feni. Maji ya barafu hapana: mishipa ya ngozi hujikaza na joto likabaki ndani. Usimfunike taulo bichi, wala usimmiminie maji mdomoni. Joto la paka mzima ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, ukimpima kwenye njia ya haja kubwa ukakuta limepita 40, au akiyumba, akitapika, au fizi zikiwa nyekundu sana, endelea kumpoza huku mkielekea kliniki. Apelekwe hata akionekana amepata nafuu, kwa sababu figo zinaweza kufeli siku moja au mbili baadaye.

Kwa siku za kawaida, adui yako ni bati. Kuanzia saa nne asubuhi asifungiwe chumbani humo. Baraza yenye saruji na kivuli ni bora kuliko kitanda chenye godoro. Feni peke yake haimsaidii paka mkavu kama inavyokusaidia wewe unayetoka jasho, kwa hiyo mpanguse kwanza kwa kitambaa chenye maji. Chupa ya maji yaliyoganda, ukiizungushia kanga kuukuu, ataiegemea mwenyewe akitaka. Maji ya kunywa yawe bakuli mbili tatu, mbali na chakula, na dagaa umpe pamoja na supu yake, bila chumvi wala kitunguu.

Kunyoa, la. Mchane kila siku uondoe manyoya yaliyosokotana, maana hayo ndiyo yanayozuia hewa kufika kwenye ngozi. Paka mweupe aliyenyolewa huungua na jua, na hata bila kunyolewa ncha za masikio yake ziko katika hatari ya saratani ya ngozi. Ukiona kidonda sikioni kisichopona, usikipuuze.

Jambo moja linanitia wasiwasi: umesema ni kila mchana. Ugonjwa wa moyo, pumu au maji kifuani pia humfanya paka atwete, na joto huuanika tu ugonjwa uliokuwepo. Usiku kukipoa, akiwa amelala fofofo, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja. Chini ya 30 ni sawa. Ikizidi hapo siku mbili mfululizo, mpeleke akapimwe moyo na mapafu, na mtoke asubuhi mapema, kwenye kapu lenye matundu.