Bandari Moja Ilichukuliwa na Bahari, ya Pili Niliitupa Mwenyewe

Juzi usiku nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji aliye ndani ya meli, katikati ya Karibi. Nauweka hapa kwa ruhusa yake: "Dada, leo tulikuwa tushuke Grand Cayman. Saa moja asubuhi nahodha katangaza bahari imechafuka, hatushuki, tunaendelea na safari. Nimejinyima mwaka mzima nije niogelee na taa, wale samaki bapa. Nimelia mpaka mume wangu kachukia, kaenda kula peke yake. Hela zangu nazidai wapi?"

Nilimjibu mistari mitatu, kisha usingizi ukagoma. Mdogo wangu, kilio hicho nakijua. Mimi nilikilia vibaya kuliko wewe, na kilinigharimu bandari mbili badala ya moja. Ngoja nisimulie, maana najua wengi mnaosoma hapa mna safari ya aina hii kichwani, kama si mwaka huu basi mwakani.

Safari yangu ya kwanza ya maana kwa meli ilikuwa ile ya kuizunguka ncha ya Amerika Kusini, kutoka San Antonio nchini Chile hadi Buenos Aires. Wenzangu walikuja kwa ajili ya barafu, wengine kwa ajili ya Cape Horn, rasi ya ncha hiyo, wengine, tuseme ukweli, kwa ajili ya kula. Mimi nilikuwa na jambo moja tu: pengwini wafalme wa Volunteer Point, Visiwa vya Falkland. Ni ndege wa karibu sentimita 90, shingoni wana rangi ya chungwa kama waliopakwa kwa brashi, na watoto wao huvaa manyoya ya kahawia mpaka unadhani ni wanyama wengine kabisa. Kufika kwao kutoka mji wa Stanley ni zaidi ya saa mbili kwa gari la kupanda milima, na kipande cha mwisho hakina barabara, ni ardhi tepetepe inayomeza matairi.

Niliagiza gari miezi minane kabla. Sikuagiza kupitia meli, nilitafuta mwenyewe mtandaoni nikajiona mjanja. Nilinunua mabuti ya mpira. Nilifanya mazoezi ya kupiga picha nimelala kifudifudi sebuleni. Nayasema haya ili mjue nilivyokuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo lililotokea.

Asubuhi ile nilifungua pazia nikaviona visiwa. Vilima vya kahawia, vifupi, vimetulia, karibu mno. Hapo ndipo penye uchungu. Ukipita bandari usiku huioni, unaisahau. Ila kukaa dirishani unaitazama nchi kavu uliyoilipia, halafu uambiwe basi, roho inapasuka.

Meli kubwa haziingii bandari ya ndani ya Stanley. Hutia nanga nje, sehemu inayoitwa Port William, na abiria hupelekwa gatini kwa mashua ndogo. Walishusha mashua moja ya majaribio. Nilikuwa sitaha ya nne, nikaiona vizuri. Pembeni mwa meli hufunguliwa mlango na kutolewa jukwaa dogo karibu kabisa na maji, na mashua inapaswa kujibana hapo ili watu wavuke. Baharia mmoja alikuwa amesimama kwenye jukwaa, mwingine ndani ya mashua, wanatazamana ana kwa ana. Wimbi likaja. Yule wa mashua akapanda juu hadi magoti yake yakawa sawa na kifua cha mwenzake, kisha akashuka nikamwona kofia tu. Kamba ikakazika, ikalegea, mashua ikagonga ubavu wa meli kwa mshindo niliousikia kupitia kioo. Walijaribu mara tatu. Mara ya tatu yule wa jukwaani alitikisa kichwa, na mimi nikajua kabla spika haijalia.

Nahodha alisema upepo ni kilomita 80 kwa saa. Kwa kipimo cha Beaufort, kile cha kuanzia 0 hadi 12, hiyo ni namba 9. Akaongeza maneno niliyoyaelewa baada ya miezi mingi: "Kuwashusha huenda ningeweza. Kuwarudisha saa tisa alasiri ndiko kunakonitia wasiwasi." Nyuma yangu mzee mmoja akapiga makofi, akasema afadhali, baa imefunguliwa mapema. Sijamsamehe mpaka leo.

Nilishuka mapokezi na mabuti yangu miguuni. Nilimfokea binti wa watu aliyekuwa kaunta, kana kwamba upepo anao kwenye droo. Nilimwambia hii ni biashara ya wizi, nahodha mwoga, kampuni inabana mafuta. Binti akanisikiliza mpaka mwisho, akanipa leso. Aibu ile bado inaniwasha.

Baadaye, kwa kutafuta silaha ya kuwashtaki, nilianza kusoma sheria za bahari. Nikakutana na SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, uliotungwa mara ya kwanza mwaka 1914, miaka miwili baada ya Titanic kuzama. Mkataba huo, kwa toleo linalotumika sasa, unakataza mwenye meli, aliyeikodi au mtu mwingine yeyote kumzuia nahodha kufanya uamuzi anaouona wa lazima kwa usalama wa watu. Yaani hata bosi wake akipiga simu, neno la mwisho ni la aliye usukani. Sasa mimi na mabuti yangu ni nani?

Tena eneo lenyewe lina sifa zake. Stanley iko karibu na latitudo 51 kusini. Mabaharia wa enzi za matanga walisema latitudo za 40 zinanguruma na za 50 zina ghadhabu, kwa sababu upepo wa magharibi huzunguka dunia pale bila nchi kavu ya maana ya kuuzuia. Nilikuwa nimeweka moyo wangu wote kwenye bandari ya mashua, mahali penye upepo wa namna hiyo. Hakuna aliyenificha. Sikuuliza.

Sasa njooni kwenye kosa langu hasa, maana hayo ya Stanley ni ya bahari.

Siku mbili baadaye tulifika Puerto Madryn, Argentina. Pale kuna gati refu, meli inajifunga, mtu anashuka kwa miguu yake. Na kutoka pale, mwendo wa saa mbili na nusu hivi, kuna Punta Tombo, moja ya makoloni makubwa kabisa ya pengwini wa Magellan duniani. Wanapita katikati ya miguu ya watu. Wanachimba mashimo pembeni mwa njia ya kutembelea. Jua lilikuwa linawaka, bahari imelala kama maziwa ndani ya bakuli.

Mimi nilikuwa chumbani, pazia nimefunga, ninawaandikia barua ya malalamiko.

Wenzangu wa mezani walirudi jioni wananuka pengwini. Mama mmoja alinionyesha picha ya kifaranga kinachovuta kamba ya kiatu chake. Nilitabasamu kwa meno tu. Barua yangu ya kurasa mbili ilijibiwa kwa mistari minne: pole, soma masharti ya tiketi. Nikayasoma. Yameandikwa wazi kwamba ratiba inaweza kubadilishwa na bandari kurukwa, na nauli hairudi.

Kilichorudi ni kodi na ada za bandari ya Stanley, kiasi kidogo, kikaingia kama salio la kutumia melini. Abiria walionunua matembezi kupitia meli walirudishiwa fedha zao zote bila hata kuomba. Mimi mjanja wa mtandaoni? Wale wa gari waliniambia malipo ya awali hayarudishwi kwa sababu yoyote. Siwataji. Wengine wa kazi hiyohiyo huandika kabisa kwamba meli isipofika hulipi kitu, na nilipita tangazo la mmoja wao kwa sababu picha zake hazikunivutia. Bado inauma, sidanganyi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, jibu la swali lako: nauli usahau. Matembezi ya taa, kama uliyanunua melini, angalia akaunti yako ya chumba kesho, yatakuwa yamerudi. Kama uliyanunua nje, andika barua pepe leo, usisubiri ufike nyumbani, na uambatishe tangazo la meli. Na kama una bima ya safari, fungua ile karatasi utafute kipengele cha kubadilika kwa ratiba au kukosa bandari. Si bima zote zinacho. Zenye nacho hutaka uthibitisho wa maandishi kutoka melini, kwamba bandari fulani, tarehe fulani, ilirukwa kwa sababu ya hali ya hewa. Barua hiyo huombwa mapokezi. Ukiwa melini unaipata haraka. Ukishashuka utazungushwa mpaka uchoke.

Usimfokee mtu wa kaunta. Nasema kama mtu aliyefoka.

Na mjifunze kusoma ramani kabla ya kulipa, wapenzi wangu, maana mnanunua safari kwa picha za bwawa la kuogelea. George Town ya Grand Cayman haina gati la meli kubwa za kitalii, zote hutia nanga na kushusha watu kwa mashua. Mji uko upande wa magharibi wa kisiwa, umejikinga na upepo wa kawaida wa Karibi unaotoka mashariki. Siku nyingi pametulia. Lakini baridi ikishuka kutoka Amerika Kaskazini majira ya kipupwe, upepo hugeuka, unatoka kaskazini magharibi, na mji unabaki wazi kabisa. Wakati mwingine meli huhamia Spotts, upande wa kusini wa kisiwa, watu wakashukia huko. Siku nyingine hata huko hapafai. Ukiangalia bandari inatazama wapi na upepo wa msimu wako unatoka wapi, unaweza kukisia hatari yako ukiwa umekaa kitandani.

Gati nalo si dhamana. Meli ya urefu wa mita 300 yenye ghorofa kumi na kitu ni ukuta. Upepo ukiupiga ubavu, mitambo ya kuisukuma pembeni hushindwa kuishikilia. Na kabla ya hapo rubani wa bandari, yule anayeiongoza meli kuingia, lazima apande kutoka kwenye boti yake kwa ngazi ya kamba. Asipoweza kupanda, ndiyo basi. Ila kati ya gati na mashua, gati lina nafuu kubwa. Ukiona ratiba yenye vituo vitano na vitatu ni vya mashua, hesabu kwamba umenunua vinne. Mimi siku hizi ndivyo ninavyohesabu.

Na mahali ambapo moyo wako umeganda, nenda kwa ndege. Visiwa vya Falkland vina ndege ya kila wiki kutoka Punta Arenas, kusini mwa Chile. Niliijua baada ya kurudi, nikacheka peke yangu kama kichaa.

Mwezi uliopita nilipata mtihani wangu wa pili, ndiyo maana ujumbe ule umenigusa. Tulikuwa tushuke St Peter Port, Guernsey, kisiwa kati ya Uingereza na Ufaransa. Mashua tena. Mji uko pwani ya mashariki ya kisiwa, na nilipoamka nikaona bendera inapepea kuelekea nchi kavu: upepo wa mashariki. Nikamwambia niliyekuwa naye, leo hatushuki. Tangazo lilikuja wakati tunamalizia chai. Watu wakaguna, mmoja akatupa kitambaa cha mkono mezani. Mimi nilikuwa wa pili kwenye foleni ya mapokezi, nikaomba barua yangu kwa upole, nikaipata kwa dakika tano. Najisifu, ndiyo. Miaka yote hiyo ya aibu nimeilipa.

Mchana nikaenda sitaha ya chini, katikati ya meli, ambako mtikisiko ni mdogo kuliko mbele au juu. Kidonge cha kichefuchefu nilikimeza mapema, kabla tumbo halijaanza, kwa kuwa kikichelewa hakifui dafu. Nikalala kwa muda wa saa tatu. Jioni nikasoma yote kuhusu bandari inayofuata, mpaka saa ya basi la kwanza. Uchungu ulikuwepo, sitawadanganya. Nilimwangalia yule aliyetupa kitambaa, nikamwona hajafunua pazia lake kesho yake tulipofunga gatini. Nilitamani nimgongee mlango. Sikumgongea, mtu akiwa katika hali ile hasikii.

Wewe unanisikia, maana umeniandikia. Uliniambia kituo kinachofuata ni Cozumel, kisiwa cha Mexico. Pale meli hufunga kwenye magati, na mkiingia vizuri unaweza kuwa nchi kavu kabla ya saa tatu asubuhi. Mapokezi huwa hawana foleni alfajiri. Pitia kwanza pale uchukue barua ya Grand Cayman, uiweke pamoja na pasipoti. Halafu kamuombe radhi mumeo, mshuke pamoja.