Bata wangu anamlilia mwenzake: nimtafutie nani?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Pasua, Moshi. Nilikuwa na bata wawili weupe, jike na dume. Wiki mbili zilizopita mbwa waliingia uani usiku wakamuua dume. Tangu siku hiyo jike anapiga kelele kuanzia alfajiri, anakula kidogo, na nikiingia ndani ananisubiri mlangoni. Watoto wanataka tumchanganye na kuku, jirani anasema niweke kioo. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mama, na pole sana. Hujakosea, bata wako ana upweke. Bata ni ndege wa kundi. Akiwa peke yake hata kulala kwake ni kwa wasiwasi, maana hana wa kupokezana naye kulinda.

Ila kabla ya kununua mwenzake, mshike umkague, kwa sababu bata mgonjwa naye hupoteza hamu ya kula. Papasa kifua: mfupa ukichomoza kama kisu, amekonda. Tazama kinyesi, miguu na macho. Kama tumbo limevimba au anajikamua bila kutaga, mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo.

Akiwa mzima, mtafutie bata jike mwenzake. Majike wawili huishi vizuri. Dume mmoja kwa jike mmoja atampanda mno, hadi manyoya ya shingoni yanyonyoke. Dume anafaa ukiwa na majike watatu au zaidi.

Ukienda sokoni Mbuyuni, chagua kwa masikio. Bata mweupe jike ana sauti kubwa ya wazi, dume sauti yake imekwaruza kama mtu mwenye mafua. Dume mkubwa pia ana unyoya uliojikunja mkiani, lakini hupukutika anapobadili manyoya, kwa hiyo amini sauti. Yule wa kienyeji mwenye nyama nyekundu kuzunguka macho ni jamii nyingine. Jike lake linaweza kuishi na wako bila shida. Dume lake ni zito, na vifaranga watakaozaliwa watakuwa tasa.

Hapa ndipo wengi huharibu: wanamleta mgeni jioni na kumtupa bandani. Mtenge wiki 3 hadi 4, mbali na mwenyeji, na umhudumie wa mwisho kila siku. Kisha watenganishe kwa wavu tu kwa wiki moja, waonane na kusikizana. Siku ya kuwaachia, wawe uani penye nafasi, beseni mbili za maji, vyombo viwili vya chakula. Kudonoana siku chache ni kawaida. Damu ikitoka, rudisha wavu.

Kuku hawatamtosha. Hawaogi majini, naye ataloanisha matandazo yao hadi waugue. Tena bata anaweza kubeba virusi vya mdondo (kideri), ugonjwa unaoua kuku, bila kuonyesha dalili, kwa hiyo kama wanashiriki uwanja, usikose chanjo ya kuku ya tone la jicho kila miezi 3.

Kioo kiweke kwa sasa, hakidhuru. Nimewahi kumwona bata amekaa asubuhi nzima kando ya sufuria iliyosuguliwa ikang'aa, akiongea taratibu na sura yake. Alitulia, lakini sufuria haikumjibu, na jioni kelele zilianza upya. Mpaka mgeni apatikane, sogeza banda lake karibu na jiko unakoshinda, umpe beseni yenye kina cha kuzamisha kichwa chote, na uzibe ile njia waliyopitia mbwa.