Nimjibu mpinzani mwanzoni au mwishoni mwa hotuba?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari, nasimamia klabu ya mdahalo. Wanafunzi nimewafundisha balagha, yaani sanaa ya kushawishi kwa hotuba, kwa mpango wa Warumi: utangulizi, maelezo ya jambo, mgawanyo wa hoja, uthibitisho, kumjibu mpinzani, hitimisho. Juzi msemaji wetu wa upande wa kupinga aliufuata hatua kwa hatua. Alipofika kwenye majibu, kengele ikalia. Je, mpango huu una kasoro?

JIBU: Hauna, Mwalimu. Tatizo ni kwamba kijana wako alisimama wa pili akahutubia kama aliyesimama wa kwanza.

Sehemu hizo sita zimo katika kitabu alichoandika Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma ya kale, akiwa bado kijana. Zamani kabla yake, Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, hakuwa na subira na orodha ndefu za namna hiyo. Kwake sehemu za lazima ni mbili tu: taja jambo, kisha lithibitishe. Lakini kuhusu swali lako aliacha maelekezo ya wazi. Anayetangulia kusema athibitishe kwanza ya kwake, ndipo aguse yatakayoletwa na mwenzake. Anayefuata aanze kwa kujibu, hasa kama aliyetangulia amepokewa vizuri. Sababu yake ni kwamba msikilizaji aliyekwisha kuvutwa upande mmoja hana nafasi ya maneno yako mpaka umtengenezee.

Tuseme mada ni simu ziruhusiwe shuleni. Mtoa hoja amesema simu ni maktaba, ukumbi umepiga makofi. Kijana wako anainuka, anamsalimu mwenyekiti, majaji, mtunza muda na walimu wote (itifaki hii inatumalizia muda kuliko tunavyodhani), kisha anazungumzia nidhamu dakika nne. Watu bado wako maktabani! Angefungua hivi: "Tumeambiwa simu ni maktaba. Vitabu kweli vimo. Waliofungua simu jana usiku wakasoma hata ukurasa mmoja, naomba wanyooshe mikono." Sasa amepata masikio, aingie kwenye nidhamu yake.

Asijibu kila kitu, lakini. Achague ile hoja moja ambayo ukumbi umeiamini. Ukijibu hoja ambayo hakuna aliyeijali, unaipa uzito isiokuwa nao.

Na utangulizi je? Kazi yake ni kumfanya msikilizaji awe makini, aelewe anapopelekwa, na akuonee vyema. Hayo yakiwa yapo tayari, ruka. Mwaka 63 KK, Cicero alipomkabili Catilina, aliyetuhumiwa kula njama dhidi ya serikali, katika Seneti ya Roma, hakuanza na utangulizi wowote. Alimgeukia moja kwa moja akamuuliza ataendelea hadi lini kuuchezea uvumilivu wao. Mtuhumiwa alikuwa ameketi pale pale. Nani angehitaji kuombwa asikilize?

Kwa hoja zenu wenyewe, Quintilian, mwalimu wa balagha wa Kirumi, alitaja mpangilio aliouita wa Homer, mshairi wa Kigiriki. Katika Iliad, utenzi wake wa vita vya Troya, mzee Nestor anapanga jeshi: wapanda magari ya farasi mbele, askari wa miguu walio imara nyuma, na waoga anawabana katikati ili wapigane hata wasipotaka. Hoja yenu dhaifu iwekwe hapo, ikishikiliwa na zenye nguvu pande zote mbili. Tena kengele ikikaribia, hiyo ya katikati ndiyo ya kutupa. Msione aibu kuitupa. Wagiriki wa Athens ya kale nao mahakamani walipimiwa muda kwa chungu kilichokuwa kikivuja maji.

Mazoezi yajayo, mpe msemaji wa pili hotuba ambayo karatasi yake ya kwanza ni tupu. Aijaze wakati mpinzani wake anazungumza, sentensi tatu au nne tu za kumjibu. Akipangiwa kusema wa kwanza, mrudishie mpango wako wa sehemu sita kama ulivyo.