SELECT Isiyo SELECT: Mipaka ya Kichanganuzi cha SQL

SWALI: Ndugu Mhariri, nina programu niliyoiandika kwa Python, inayopokea amri za SQL (lugha ya kuulizia na kubadilisha data iliyo kwenye hifadhidata) kutoka kwa watumiaji na kuzikagua kwa maktaba ya sqlparse, ili zile za SELECT pekee, yaani za kusoma data, ndizo zifike kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Juzi amri iliyosomeka "SELECT jina FROM WHERE umri > 18" ilipita ukaguzi wangu, ikaja kukataliwa na hifadhidata yenyewe. Je, maktaba hii ina hitilafu?

JIBU: Haina, umeipa kazi ambayo haikuundiwa. Maktaba ya sqlparse hukata maandishi vipande vipande, hutambua lipi ni neno la msingi na ipi ni alama, kisha huvipanga vipande hivyo katika makundi, lakini haihakiki sarufi, na maelezo yake yanalisema hilo waziwazi. Ndiyo maana FROM isiyo na jedwali haikuishtua.

Kosa hilo ni dogo, maana hifadhidata ililinasa. Linalonitia wasiwasi ni jingine. Tangu toleo la 9.1 la mwaka 2011, PostgreSQL inakubali amri kama hii:

WITH f AS (DELETE FROM wateja RETURNING *) SELECT * FROM f

Hapa DELETE iliyo ndani ya WITH hufuta safu za jedwali la wateja, na SELECT huonyesha zilizofutwa. Ukiiuliza sqlparse hiyo ni amri ya aina gani, itairuka sehemu ya WITH na kukujibu kuwa ni SELECT, na programu yako itaipitisha huku jedwali zima la wateja likifutwa.

Ukihamia maktaba inayojenga mti kamili wa sarufi, kama vile sqlglot, utaweza kuiona DELETE hiyo iliyojificha, ila ni lazima uitajie lahaja unayotumia, yaani SQL ya hifadhidata ipi, kwa sababu alama || huunganisha maneno katika PostgreSQL, ilhali MySQL, hifadhidata nyingine, kwa mipangilio yake ya kawaida huisoma kama OR ("au"). Hata hivyo kichanganuzi, yaani maktaba ya aina hii, huona maandishi tu, wala hakiwezi kujua kama funksheni inayoitwa ndani ya SELECT inabadilisha data.

Kwa hiyo ulinzi uhamishie kwenye hifadhidata: fungua akaunti yenye ruhusa ya SELECT peke yake, kwa majedwali yanayohitajika tu, na programu yako iingie kwa akaunti hiyo. Amri ya hapo juu itagonga mwamba hata ukaguzi wako ukisinzia. sqlparse usiitupe, mimi huitumia kupangilia amri ndefu zisomeke, na kwa kazi hiyo sina malalamiko nayo.