Unga wa peptidi za samaki na presha: mzee asiache vidonge

Nimesoma swali lako, kwamba mzee wako huko Wete, Pemba, kaletewa kopo la unga wa peptidi za samaki na jamaa wa Dubai ati linashusha presha, na kwa vile kikohozi cha vidonge vyake vya presha kishamchosha anataka kuviacha ashike unga. Jibu fupi kabla hujaisoma hii ngonjera yangu: asiache. Sasa nieleze kwa nini, maana mie kitu hichi nimekipitia na bimkubwa wangu, na pia sie kwetu ni watu wa dagaa tangu babu, kwa hiyo mambo ya vichwa vya samaki na maji ya dagaa nayajua kwa pua.

Kwanza huo unga si uchawi wala si utapeli mtupu. Protini yoyote ukiikatakata unapata vipande vidogo ndo hizo peptidi, na baadhi yao zinakaba kimeng'enya (enzaimu) fulani mwilini kinachotengeneza kitu cha kubana mishipa. Kimeng'enya kikikabwa mishipa inalegea, presha inashuka. Hapo ndo utacheka, maana vile vidonge vya presha, kaptoprili na enalaprili, vinakaba kimeng'enya hichohicho! Na historia yake ilianzia kwenye peptidi: mwaka 1965 Mbrazili mmoja Sérgio Ferreira aligundua kitu kwenye sumu ya nyoka wa kwao aitwae jararaca, wakaja wataalamu wengine wakatoa humo peptidi inayoshusha presha vizuri kabisa, lakini kwa sindano tu, ukiimeza haifanyi kazi. Ndo wakakaa wakatengeneza kidonge kidogo kinachoiga ile kazi, kaptoprili, ikaruhusiwa Marekani 1981. Kwa hiyo mzee anataka kukimbia mtoto aende kwa babu yake, na babu mwenyewe ukimmeza anasagwa tumboni.

Si zote zinasagwa lakini. Zile fupi sana, zenye asidi amino mbili tatu tu (ndo chembe za kujengea protini), zinapita, na Wajapani ndo wamezishughulikia zaidi, wana kinywaji cha maziwa yaliyochachushwa chenye peptidi mbili za namna hiyo, wana na za yule samaki wao mkavu jamaa wa jodari, wana za dagaa wao pia. Na viwandani siku hizi wanachukua vile ambavyo vingetupwa, vichwa, ngozi, miba, maji yanayobaki kwenye jibini, hata protini ya chicha la nazi imejaribiwa maabara, wanatia vimeng'enya vya kukata mpaka wapate vipande wanavyovitaka. Akili nzuri sana hiyo. Ila nguvu yake ukipima maabara ni ndogo mara mia kadhaa kuliko kaptoprili, na kwa watu waliopimwa presha inashuka pointi chache, tafiti za Japani zilionesha zaidi kidogo, za Ulaya kidogo sana. Wakubwa wa usalama wa chakula Ulaya walipoletewa ushahidi wa yale maziwa walisema haujatosha. Kidonge kimoja cha kawaida kinashusha pointi nane mpaka kumi hivi. Piga hesabu mwenyewe kama mzee yuko 170.

Sasa kuna waliokujibu hapo juu kwamba hana haja ya kopo, ampikie supu ya vichwa au anywe maji ya dagaa ni kitu kilekile bure. Hapana jamani! Kuchemsha peke yake hakukati protini kwa mpangilio ule, kunakupa supu nzito tu inayoganda ikipoa. Vichwa sina ugomvi navyo, kichwa cha changu na ndimu na pilipili mbuzi nani asiyekitaka, lakini ni chakula sio dawa. Maji ya dagaa ndo nasema kwa sauti: msimpe mgonjwa. Aliyewahi kukaa Kama au Mkokotoni huku Unguja wakati wa bamvua la dagaa anajua, tunachemsha kwenye maji ya chumvi, tenga linaingia linatoka linaingia jengine, maji ni yaleyale tunaongeza chumvi tu, mpaka jioni yamekuwa mazito rangi ya chai ya maziwa na ukidondoshea kwenye kidonda unaruka. Protini imo ndani kweli, nyingi tu, na inauma roho kuona inamwagwa pwani inanuka mtaa mzima, mtu mwenye maabara angeitoa chumvi akaifanyia kazi ingekuwa biashara. Lakini kama ilivyo, kumpa mtu wa presha ni kumchomea nyumba.

Na chumvi ndo penyewe. WHO, shirika la afya la dunia, wanasema mtu mzima asivuke gramu 5 kwa siku, kijiko cha chai kimoja, na hapo hesabu yote imo, ya mchuzi, ya boflo, ya achari. Sie tunakula ng'onda, papa mkavu, dagaa wa chumvi, halafu juu yake achari ya ndimu, halafu tunauliza peptidi.

Bimkubwa wangu alipoletewa unga kama huo (wake ulitoka kwa shangazi, rangi ya maziwa, harufu ya samaki iliyofichwa na vanila, mbaya wallahi) nilimwambia sawa utakunywa, lakini vidonge palepale na daktari tunamwambia. Tukampima asubuhi na jioni kwa mashine ya mkononi, amekaa, hajanywa chai. Namba zilipanda zikashuka kama siku zote, siku akigombana na mjukuu zinapanda, akilala vizuri zinashuka, mie sikuona cha unga hapo. Kopo lilipokwisha hatukununua jengine. Kilichoonekana kwenye mashine ni pale nilipoacha kumletea dagaa wa chumvi nikawa namletea wabichi, na ng'onda ikawa inarowekwa usiku kucha na kumwagwa maji kabla ya kupikwa. Alilalamika sana, ati nampikia chakula cha hospitali.

Turudi kwa mzee. Kikohozi kikavu cha kuwasha koo ni jambo linalojulikana sana kwa watu wa kaptoprili, enalaprili na ndugu zao, kwa sababu kile kimeng'enya kinachokabwa kina kazi nyengine pia, na kikikabwa kuna vitu vinalundikana kifuani vinamkohoza mtu. Aende kwa daktari amwambie hivohivo, wana dawa za kundi jengine kama losatani ambazo mara nyingi hazikohozi, au amlodipini. Mambo ya siku moja tu hayo, hakuna haja ya kopo. Na kama figo zake hazijapimwa zipimwe hapohapo, maana wengi wakisikia presha wanaanza madafu kila siku na ile chumvi mbadala, na vyote vina potasiamu nyingi, ukivichanganya na vidonge kama kaptoprili au losatani na figo ikiwa dhaifu moyo unaweza kwenda mrama. Akitaka dafu aulize kwanza.

Unga wenyewe kama daktari kaukubali na yeye anaupenda, anywe kama anavyokunywa maziwa, ila makopo mengine yametiwa chumvi ya kutosha kwa ajili ya ladha. Piga picha nyuma ya kopo pale palipoandikwa sodiamu (ndo ya chumvi hiyo) uiweke hapa tuione.