Ulezi "feki" umemdanganya nani?

Msomaji wa Marangu anauliza jina la nyasi zinazoota katikati ya ulezi wake. Wakati wa palizi hazitofautishiki na ulezi, lakini zikikomaa mbegu zake hupukutika kabla hajashika kisu. Jirani yake anaziita "ulezi feki". Je, hicho ni Kiswahili?

Nyasi hizo ni ulezi mwitu. "Mwitu" ni neno la zamani lenye maana ya msitu, na ndilo lililo katika nguruwe mwitu na mbwa mwitu. Kinachoninyima usingizi ni hiyo "feki".

Tuliipokea kutoka Kiingereza pamoja na saa na viatu vya bei poa, na huko siikatai, ingawa bandia tulikuwa nayo, na ghushi tulishaiazima kwa Waarabu. Kitu feki sharti kiwe na mtu aliyekitengeneza ili amdanganye mwenzake. Hata hivyo, ukipita sokoni Mbuyuni siku hizi utamsikia kuku wa kisasa akiitwa "kuku feki". Nilimtazama mmoja ndani ya tenga: ana undu, ana mdomo, anahema kwa joto, na akichinjwa atatoka damu. Ni kuku. Amekua kwa wiki 6 pale ambapo wa kienyeji angehitaji miezi, lakini hakumwambia mtu yeyote kwamba yeye ni wa kienyeji. Akiuzwa kwa bei ya kienyeji, feki ni muuzaji.

Kwa ulezi mwitu kosa ni kubwa zaidi. Ulezi tunaouotesha ili tupate kimea cha mbege, ile pombe ya Wachagga ya ndizi na ulezi, ulitokana na nyasi hizo hizo, baada ya wakulima wa kale kuchagua, kizazi hadi kizazi, mimea iliyoshikilia mbegu zake hadi siku ya mavuno. Wote wawili wana kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli) 36, na wakichanua jirani huweza kuzaana. Sasa mjukuu ndiye halisi, na babu ndiye feki! (Ile nyasi fupi ya njiani, yenye shina bapa na jeupe kitakoni, ambayo wataalamu huiita Eleusine indica, ni ndugu mwingine mwenye kromosomu 18, msomaji asiichanganye na hii.)

Jirani akishikilia "feki" yake, mwache, mradi azing'oe kabla hazijapukutisha.