Kitovu cha ulimwengu kiko wapi?

Tangu nilipoandika hapa kwamba ulimwengu unatanuka, maswali yamemiminika, na karibu yote yanatafuta kitu kimoja: kitovu. Nimechukua machache.

Shikamoo mwalimu. Ulisema karibu galaksi zote, yale makundi makubwa ya nyota, zinatukimbia, na zilizo mbali zaidi ndizo zenye kasi zaidi. Kama zote zinatukimbia sisi, si ina maana sisi ndio tuko katikati? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Vipimo alivyovitangaza mwanaastronomia Edwin Hubble mwaka 1929, akitumia darubini kubwa ya Mount Wilson kule California, vinamfanya mtu yeyote awaze hivyohivyo. Fanya hivi. Nenda kwa fundi cherehani umwombe kipande cha lastiki, ile ya kiunoni mwa sketi. Ilaze kwenye rula, uweke nukta tano kwa kalamu, kila moja sentimita 2 kutoka mwenzake: A, B, C, D, E. Mwite rafiki yako ashike ncha ya pili, mvute taratibu mpaka kila nafasi ifike sentimita 3.

Sasa jifanye unaishi A. Nukta B ilikuwa sentimita 2 kutoka kwako, imekuwa 3, imesogea 1. C ilikuwa 4, imekuwa 6, imesogea 2. D imesogea 3, na E 4. Iliyo mbali mara mbili imekimbia mara mbili, kwa mvuto uleule mmoja. Alichokiona Hubble ni hicho. Kisha hamia C upime upya. B na D zimesogea 1 kila moja, A na E zimesogea 2. Mkazi wa C naye ataapa kwamba anakimbiwa na wote. Hakuna aliyekosea kupima. Tunachokosea ni kudhani kwamba anayekimbiwa na wote lazima awe katikati.

Angani, kila umbali wa miaka nuru milioni 3.26 (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja) huongeza kasi ya takriban kilomita 70 kwa sekunde. Anayetazama kutoka galaksi ya mbali kabisa angepata hesabu hiyohiyo, na sisi tungekuwa miongoni mwa wanaomkimbia.

Lastiki ina ncha mbili, na chenye ncha mbili kina katikati. Hapo unasemaje? (Fundi umeme, Mombasa)

Umenibana pazuri, ndugu yangu. Lastiki ina ncha. Kwa ulimwengu hakuna kipimo chochote kilichowahi kuonyesha ncha. Na kuna njia mbili za kukosa ncha. Ya kwanza ni kuendelea bila mwisho: lastiki isiyokoma upande huu wala ule, katikati yake utaipimia wapi? Ya pili ni kujipinda na kujirudia, kama ngozi ya puto. Sisimizi atatembea juu ya puto siku nzima asikutane na ukingo. Ukilipuliza, nukta zote zinaachana, na juu ya ngozi hakuna hata moja iliyo kitovu.

Najua utasema kitovu kipo ndani, kwenye hewa. Lakini katika mfano huu ngozi ndiyo ulimwengu mzima. Hewa ya ndani si mahali ambapo galaksi yoyote ipo au inaweza kufika. Setilaiti ya Planck, iliyorushwa mwaka 2009, ilisaidia kupima kama anga limejipinda, na kama mpindo upo basi ni mdogo mno. Kwa njia zote mbili, kitovu hakipatikani.

Mtoto wangu amenishinda. Anataka nimwonyeshe kwa kidole Mlipuko Mkuu ulitokea wapi. (Mama wa watoto watatu, Arusha)

Mama, mwonyeshe meza mnayolia chakula. Mwonyeshe na mlango, na Mwezi ukichomoza. Kote huko ni jibu sahihi, na ningependa kila mtoto alisikie mapema.

Mlipuko Mkuu ni jina la mwanzo wa kutanuka kwa ulimwengu, na jina hilo ndilo linalotupotosha. Alilitoa mwanafizikia Fred Hoyle kwenye redio ya BBC mwaka 1949, naye hakuikubali nadharia yenyewe. Tukisikia mlipuko tunawaza mtungi wa gesi: chumba kipo tayari, mtungi uko pembeni, vipande vinaruka. Hapa chumba hakikuwepo. Kilichoanza kutanuka, miaka bilioni 13.8 iliyopita, ni nafasi yenyewe, kila mahali kwa pamoja. Ukiilegeza ile lastiki, nukta zote zinakaribiana, na hakuna inayobaki nje ikitazama.

Ushahidi ulipatikana kwa taabu. Mwaka 1964, wanasayansi Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa na antena kubwa yenye umbo la pembe kule Holmdel, New Jersey, nayo ilikuwa na mvumo usioisha. Wakaigeuza huku na huku; mvumo uleule, usiku na mchana. Wakakuta njiwa wameweka kiota ndani, wakawaondoa na kusafisha kinyesi chao. Mvumo haukuondoka. Mwaka uliofuata ikaeleweka kwamba ni joto lililobaki tangu ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi, sasa limepoa hadi nyuzi 270 chini ya sifuri. Joto hilo halitoki upande mmoja, kama ambavyo ingekuwa lau tukio lingekuwa na mahali pake. Linatufikia karibu sawasawa kutoka pande zote.

Waliokuwa na televisheni kabla ya ving'amuzi wanazikumbuka chenga, zile punje nyeupe na nyeusi zilizojaa kwenye kioo stesheni ikishafunga. Sehemu ndogo ya chenga zile ilikuwa joto hilo la kale. Tulikuwa tunaamka kwenda kupigapiga antena ili liondoke.

Unatanuka kuingia wapi? (Dereva, Dodoma)

Si lazima uingie popote. Chukua namba 1, 2, 3 na kuendelea bila kikomo, kisha zizidishe zote kwa 2. Nafasi kati yao zimeongezeka maradufu, wala hukuhitaji pahali pa kuzihamishia.

Kwa hiyo na nyumba yangu inatanuka? (Msomaji, Bukoba)

Hapana. Matofali yameshikana, Dunia na Jua vimeshikwa na mvutano. Hata galaksi jirani ya Andromeda, iliyo umbali wa miaka nuru milioni 2.5, haituachi bali inatujia, kwa takriban kilomita 110 kwa sekunde. Kutanuka hushinda pale tu mvutano unapolegea, kati ya makundi ya galaksi.

Nimesoma kwamba tuko katikati ya ulimwengu unaoonekana. Mbona unakanusha? (Mvuvi, Kilwa)

Kaka, hili unalijua kuliko mimi. Ukiwa ndani ya ngalawa bahari kuu, upeo wa macho ni duara na wewe uko katikati yake. Ngalawa nyingine iliyo mbali nayo ina duara lake. Hakuna anayesema ngalawa yake ndiyo kitovu cha bahari. Upeo wetu uko miaka nuru bilioni 46 kila upande, na bahari inaendelea.

Nina mjukuu. Nimwonyeshe basi kitovu chochote cha kweli. (Babu, Tabora)

Shikamoo babu. Kipo cha galaksi yetu. Agosti, mnamo saa tatu usiku, tazama juu ukielekea kusini, utafute nyota zilizopinda kama mkia wa nge. Ubavuni mwake, upande wa mashariki, ni kundinyota Mshale, pale ambapo ule ukanda mweupe wa nyota unanenepa. Hapo, miaka nuru 26,000 kutoka kwetu, kuna shimo jeusi, lisiloachia hata mwanga utoke, lenye uzito wa majua milioni 4, na Jua letu linakizunguka kitovu hicho. Zimeni kwanza taa ya nje, mkae dakika ishirini mpaka macho yazoee giza.